Nachangia damu kwa mara ya kwanza, naombeni mnieleze inavyokuwa

Kitindamimba
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Tarehe 14 Juni timu ya benki ya damu inakuja kazini kwetu, na safari hii nimejiandikisha. Nina miaka 27, kilo 54, sijawahi kuchangia. Miaka yote siku hiyo ikifika nilikuwa natafuta sababu ya kutoka ofisini.

Kilichonibadilisha ni dada yangu. Miezi mitano iliyopita alijifungua, damu ikakataa kukata. Aliongezewa chupa nne usiku mmoja. Nilikuwa kwenye benchi nje ya chumba, nesi akapita mbele yangu kaushika mfuko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kichanga. Juu yake palibandikwa karatasi yenye kundi la damu na namba ndefu. Jina hakuna. Leo dada ni mzima, mtoto ameanza kukaa, na mimi kila siku namuwaza mwenye ile namba.

Shida yangu ni sindano. Hata nikitolewa damu ya kipimo nageukia ukutani na viganja vinaloa jasho. Inauma kiasi gani? Wanatoa damu kiasi gani? Nitaweza kurudi kazini siku hiyo hiyo? Tena mama mkubwa ananiambia ukishaanza kuchangia huwezi kuacha, ukiacha damu inazidi mwilini na kichwa kinauma. Ni kweli?

Msafiri77
Hongera dada. Kuchomwa kwenyewe ni kama kufinywa kwa nguvu, sekunde mbili tatu, kisha panabaki pamekaza tu. Na mimi naogopa sindano tangu utoto, ila nimeshafika mara ya sita. Mwambie nesi mapema kwamba unaogopa, usione aibu. Atakulaza chali badala ya kukukalisha, na atakusemesha muda wote.

Mama Pacha
Karibu mdogo wangu. Nimechangia mara 17, lakini mbili za mwanzo ziliniharibikia, na hizo ndizo zitakazokufaa.

Ya kwanza sikufika hata kitandani. Unaanza na fomu, wanakupima uzito na presha, halafu wanakutoboa ncha ya kidole kuangalia wingi wa damu. Enzi zile tone langu lilidondoshewa kwenye kichupa chenye maji ya bluu. Damu ikiwa ya kutosha, tone linazama. Langu lilishuka kidogo, likasimama katikati, likaanza kupanda. Siku hizi sehemu nyingi wana kimashine kinachotoa namba, na mara nyingi mwanamke anatakiwa awe na 12.5 au karibu na hapo, inategemea nchi. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi mitatu. Nililia njiani kama mtu aliyefeli mtihani. Kumbe hedhi nzito niliyoizoea tangu usichana ilikuwa inanimaliza madini ya chuma, na hakuna aliyewahi kunipima. Nilienda kwa daktari, nikatibiwa, na ule uchovu niliodhani ni tabia yangu ukaondoka. Kwa hiyo wakikurudisha, usiondoke na huzuni kama yangu. Nenda katafute sababu.

Ya pili nilipita vipimo vyote, ila nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu jana yake, nikidhani ni kama kipimo cha sukari. Damu ilitoka vizuri. Nikajisikia mzima, nikainuka ghafla. Hatua ya tatu masikio yakaanza kuvuma na macho yakaingia giza. Walinidaka kabla sijafika chini, wakanilaza, miguu juu, na baada ya muda mfupi nikawa sawa. Tangu siku hiyo nakula kawaida saa mbili kabla, na nakunywa maji nusu lita karibu na zamu yangu. Mfuko ukiwa unajaa nabana mapaja na makalio, nahesabu hadi tano, naachia, narudia. Kubana huko kunasaidia damu irudi juu, presha isishuke. Nikimaliza nakaa robo saa hata kama najiona simba. Haijanirudia tena.

Sasa kitandani. Watakufunga mpira juu ya kiwiko, watatafuta mshipa kwa kidole, watapaka dawa na kusubiri ikauke. Sindano ni nene kuliko ya kipimo, sikufichi, kwa hiyo usiitazame. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni ule mrija. Unalala juu ya mkono wako na utausikia una joto. Ni damu yako mwenyewe, inapita juu ya ngozi yako. Mara ya kwanza nilishtuka, leo ndicho ninachokisubiri. Pembeni mfuko unabembea kwenye kimashine ili damu ichanganyike na dawa inayoizuia isigande. Wewe unakunja na kukunjua ngumi taratibu, dakika nane au kumi umemaliza.

Kwa kawaida ni mililita 450, na kwa uzito wako una kama lita tatu na nusu. Sehemu ya majimaji inarudi ndani ya siku moja mbili. Chembe nyekundu zinachukua wiki kadhaa, na chuma kinachelewa zaidi, ndiyo maana kwingi mwanamke anasubiri miezi minne na mwanaume mitatu. Kazi ya mezani utarudi. Ila usibebe kitu kizito kwa mkono ule siku hiyo, na plasta iache saa kadhaa.

Mtu wa Maabara
Mimi niko upande ambako mifuko inafikia. Mama mkubwa anakutakia mema, mjibu kwa upole: damu haizidi. Figo ndizo zinazohisi oksijeni ikipungua, zinatuma ujumbe kwenye uboho wa mifupa utengeneze chembe. Pengo likizibwa, ujumbe unapungua. Ukichangia mara moja maishani na kuacha, hutadhurika na chochote.

Ninachokuomba sana ni ile fomu. Watu wanaiona usumbufu, wanatiki hapana kuanzia juu hadi chini. Kila mfuko tunaupima VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini mtu akiambukizwa leo, zipo siku ambazo mashine haioni kitu, na siku hizo kinachomlinda mgonjwa ni ukweli wako peke yake. Ndiyo maana usichangie kwa lengo la kupata kipimo. Sema dawa unazotumia, sema kama uliugua malaria karibuni, kama una mimba au unanyonyesha, kama umechora tatuu. Nyingi kati ya hizo ni kusubiri tu, si kukataliwa moja kwa moja.

Halafu ujue mfuko wako haubaki mmoja. Tunauzungusha kwenye mashine unatengana. Chembe nyekundu zinakaa kwenye friji siku 35 hadi 42, plazima, ile sehemu ya majimaji, tunaigandisha. Chembe sahani, zinazozuia kuvuja damu, hazidumu hata wiki mbili: ni siku tano hadi saba, zikitikiswa muda wote. Mgonjwa wa saratani anayezihitaji leo hawezi kutumia za mwezi jana. Na hiyo tarehe yenu ndiyo aliyozaliwa Karl Landsteiner, mwaka 1868. Ni yeye aliyeeleza makundi ya damu mwaka 1901, na bila hayo zile chupa nne za dada yako zingekuwa kubahatisha.

Kitindamimba
Nimerudi, asanteni wote. Kidole kilitoa 12.9. Nilimwambia nesi naogopa, akaniuliza habari za mtoto wa dada hadi sindano ikaingia nikiwa katikati ya sentensi. Iliuma, ila kweli ni sekunde. Mama Pacha, mrija niliusikia. Machozi yakanitoka, nesi akadhani naumia, nikashindwa kumweleza. Nilibana mapaja kama ulivyosema, nikakaa robo saa kwa saa ya ukutani. Leo pale sindano ilipoingia pamevilia damu, alama ndogo kama ncha ya kidole gumba, haiumi nisipoigusa.

Kabla hawajauchukua mfuko niliomba niuone. Ulikuwa na kundi langu na namba ndefu. Jina hakuna.