Mazungumzo kuhusu kambamawe kwa watoto wa wazamiaji: nianzie wapi?

Mwalimu wa Sayansi, Pate
Assalaam aleikum wanajukwaa. Nafundisha katika kisiwa cha Pate, Lamu, na nimeombwa kuandaa mazungumzo ya saa moja kuhusu kambamawe na biashara yake kwa wanafunzi wa gredi ya sita, ambao wengi wao ni watoto wa wazamiaji wa Faza na Kizingitini. Karibu kila mchoro ninaoupata unamhusu kamba wa Atlantiki ya Kaskazini, mwenye magando mawili makubwa, ilhali huyu wetu hana magando hayo bali ana mapapasi marefu yenye miiba. Nikiwaonyesha mchoro huo watanicheka, na watakuwa na haki. Naomba ushauri: niseme nini juu ya maumbile yake, na suala la kuwarudisha baharini majike wenye mayai nilieleze vipi kwa mtoto ambaye jioni hiyo hiyo atakwenda kumhoji baba yake?

Mzamiaji Mstaafu
Waalaikum salaam, mwalimu. Achana na michoro, umlete kamba mwenyewe. Mwombe mchuuzi akuazime wawili walio hai, dume na jike, uwafunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na uwaonyeshe asubuhi kabla jua halijawa kali. Watoto wa huku hawahitaji kuambiwa kwamba kamba hushinda pangoni mchana na kutoka usiku kutafuta chakula, wala kwamba msimu wake ni kaskazi, maji yanapotulia na kuwa maangavu. Waache wao wakueleze jinsi pweza anavyofungwa kwenye kijiti na kuingizwa pangoni ili kamba akurupuke na kuingia wavuni. Kisha wewe uwaulize kwa nini anakurupuka, kwa sababu hapo ndipo sayansi inapoanzia: pweza ni adui anayemla.

Ama kuhusu mayai, nakutahadharisha. Wataalamu wametuambia kwamba mabuu ya kamba huchukuliwa na mikondo na kwenda mbali. Ikiwa ni hivyo, mayai ya jike niliyemwachilia Kiwayu yatakuwa kamba wa nani? Mtoto mmoja hakosi kuuliza swali hilo, na usipokuwa na jibu, mazungumzo yako yote yatazama hapo.

Mwanabiolojia wa Bahari, Mombasa
Swali la mzee ni la haki na halijibiki kwa kauli nyepesi. Jike hubeba mayai chini ya mkia, yakiwa na rangi ya machungwa mwanzoni na kugeuka kahawia yanapokaribia kuanguliwa, na jike mkubwa huweza kuwa na mamia ya maelfu ya mayai kwa wakati mmoja. Yanapoanguliwa hutoka mabuu bapa, maangavu kama kioo, yanayoelea katika bahari kuu kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi mwambani. Mkondo wa pwani yetu hutoka Tanzania kwenda kaskazini, na wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka kuja kusini, mikondo hiyo miwili ikakutana karibu na maji ya Lamu. Kwa hiyo kamba anayekamatwa Kiwayu huenda alianguliwa mbali kabisa, na waliotoka Kiwayu huenda wakakulia kwa wengine.

Maana yake, kwa maoni yangu, ni kwamba kanuni ya kumwachilia jike mwenye mayai na ile ya kumwachilia kamba mdogo zisielezwe kwa sababu moja. Kumwachilia jike mwenye mayai ni mchango kwa pwani nzima, na mvuvi asiahidiwe kwamba atalipwa kwenye mwamba wake mwenyewe. Kumwachilia kamba mdogo ni jambo tofauti, kwa kuwa huyo amekwisha kutua mwambani. Akiachwa akajivua gamba mara chache zaidi, uzito wake utaongezeka sana, na yumkini atakayemkamata ni jirani yako au wewe mwenyewe. Anza na huyu mdogo, kisha uende kwa jike.

Kutofautisha dume na jike ni rahisi: mgeuze kamba, utazame jozi ya mwisho ya miguu ya kutembelea. Ya jike ina kijigando kidogo nchani, ambacho dume hana.

Msomaji wa Portland, Maine
Naandika kutoka Marekani, katika mji wenye Wakongo na Warundi wengi wanaozungumza Kiswahili. Hapa watalii na wanafunzi hupandishwa mashua, nahodha akavuta madema ya waya huku akieleza, na abiria mwenyewe akashika kipimo. Gamba la mgongo likipungua milimita 83 hivi, au likizidi 127, kamba anarudishwa majini. Jike mwenye mayai hukatwa alama yenye umbo la V katika pezi la mkia, na yeyote atakayemkamata baadaye, hata asipokuwa na mayai, hana ruhusa ya kumchukua. Kamba wa huku huhitaji miaka mitano hadi saba kufikia kimo cha halali, hivyo usiyahamishe makadirio hayo kwenu, ambako maji ni ya joto na kamba hukua haraka zaidi. Kinachofaa kuigwa ni kumpa mtoto kipimo mkononi.

Mwalimu wa Sayansi, Pate
Nashukuruni nyote. Nitamwomba afisa wa uvuvi aje na kipimo kinachotambuliwa na sheria yetu. Je, sehemu ya biashara niiguse, au bei ni jambo la watu wazima?

Mzamiaji Mstaafu
Iguse, mwalimu. Mtoto anajua baba yake alirudi na kilo ngapi, lakini hajui kwa nini kamba aliyekufa njiani au aliyevunjika miguu hushuka bei, wala gharama za barafu, mafuta na usafiri zinazoongezeka kabla hajafika hotelini Malindi au kusafirishwa nje akiwa hai. Mlete mchuuzi na mizani yake, naye aulizwe maswali mbele ya watoto.