Gari la kwanza ulilojifunzia udereva: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Juma lililopita binti yangu alianza masomo ya udereva, na aliporudi nyumbani hakusimulia habari za barabara wala alama zake, bali alisimulia klachi ya gari analofundishiwa: kwamba ni nzito, na kwamba inashika juu kabisa, wakati mguu umekaribia kuachia. Nilimwelewa mara moja. Mtu akisema amejifunza kuendesha, kwa kweli amejifunza kuendesha gari moja tu, lenye uzito wake na tabia zake, na mengine yote anayokuja kuyashika baadaye huyapima kwa lile la kwanza. Ndiyo maana naomba tusimuliane: ulijifunzia gari gani, nani alikaa kando yako, na ni mazoea gani yamebaki mwilini mwako hadi leo?

Naanza mwenyewe. Nilijifunzia Volkswagen Beetle ya baba, toleo la mwaka 1959, injini nyuma na mizigo mbele. Gari lile halikuwa na geji ya mafuta. Badala yake kulikuwa na kijiti kidogo chini ya dashibodi, ambacho kilifungulia akiba ya lita chache zilizobaki kwenye tangi, na dereva alijua mafuta yamekwisha pale injini ilipoanza kukohoa. Mara ya kwanza jambo hilo kunitokea nikiwa nimeshika usukani, tulikuwa tunapanda mlima; injini ikakohoa mara mbili, gari likaanza kuishiwa nguvu, nami nikageuka kumtazama baba. Hakusema neno. Alinyoosha mguu, akakisukuma kijiti kwa ncha ya kiatu, akaendelea kutazama mbele, na punde si punde injini ikarudi kunguruma kama kawaida. Kanuni yake ilikuwa kwamba ukishajaza mafuta, kijiti kirudishwe mahali pake papo hapo, kwa maana anayesahau huligundua kosa lake siku ambayo akiba nayo imekwisha, na yuko mbali na msaada. Nimeendesha magari mengi yenye geji tangu siku hizo, lakini kila ninapotoka kituo cha mafuta mguu wangu bado husogea kidogo kukitafuta kijiti kile.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada hii, kaka. Mimi nilifundishwa na mjomba, kwenye Land Rover Series IIA. Wanaolijua gari hilo wanajua kwamba gia ya kwanza na ya pili hazina kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ya gia kabla hayajakutana, kwa hiyo kazi hiyo anaifanya dereva mwenyewe. Ukitaka kushuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, unakanyaga klachi, unaitoa gia na kuiacha huru, unaachia klachi, unakanyaga mafuta kidogo ili injini izunguke kwa kasi zaidi, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza gia ya pili. Ukikosea, gia hulalamika kwa sauti ambayo hata mpita njia ataisikia na kugeuka.

Mjomba hakueleza kwa maneno mengi. Aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu, nami nimeshika gia, akaniambia nisilazimishe, nisikilize kwanza. Kupitia chuma kile nilihisi meno yakikwaruzana kwa mbali. Kisha mtetemo ukapungua, ukawa mwembamba sana, na mara gia ikateleza ndani kama kisu kinachorudi alani. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kulipenda gari, kwa sababu niliona kwamba linazungumza na mtu anayelisikiliza. Pembeni kulikuwa na vishikio vingine viwili, kimoja chenye kichwa chekundu cha kubadilisha kasi za juu na za chini, na kingine cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Alinikataza kuvigusa kwa miezi mitatu, hadi alipoona kwamba gia za kawaida nimezimudu.

Kuhusu mazoea: swichi ya kushusha taa kubwa ilikuwa sakafuni, ikikanyagwa kwa mguu wa kushoto. Hadi leo, usiku nikipishana na gari lingine, mguu wangu wa kushoto hukanyaga sakafu tupu wakati mkono unashusha taa.

Mchangiaji wa pili

Mimi sina klachi ya kusimulia, maana shangazi yangu alinifundishia gari la otomatiki. Sharti lake lilikuwa kwamba mguu wa kushoto utulie sakafuni, usishiriki lolote. Nililopambana nalo ni kwamba gari la namna hiyo, ukiachia breki tu, husogea lenyewe, na mtu asiyezoea hudhani amekanyaga mafuta. Shangazi alinifanya nitumie siku nzima nikisogeza gari kwa breki peke yake, nikiingia na kutoka kwenye nafasi moja ya maegesho, bila kugusa pedali ya mafuta. Wapo wanaosema kwamba aliyejifunzia otomatiki hajui udereva. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu kuacha nafasi kati yako na gari la mbele, kutazama vioo kwa wakati na kubashiri nia ya mtembea kwa miguu ni mambo yasiyohusiana na klachi kabisa.

Mchangiaji wa tatu

Gari langu lilikuwa Toyota Corolla ya shule ya udereva, yenye pedali za ziada upande wa mwalimu, na ningependa kueleza kwa kirefu kidogo, kwani huenda likamsaidia binti wa mwanzisha mada.

Kwa wiki sita niliamini kwamba najua kusimamisha gari. Nilikuwa nikifika penye makutano, nakanyaga breki kwa upole, na gari linatua nyuma ya mstari kwa usahihi ulionipa fahari. Nikafaulu mtihani. Siku ya tatu baadaye kaka yangu akanipa gari lake, naye akakaa kando, mikono ameiweka mapajani. Makutano ya kwanza niliyokutana nayo nilikanyaga breki kama nilivyozoea, kwa uzito uleule, na gari halikusimama. Lilipunguza mwendo tu, likaendelea kwenda, mstari ukapita chini ya boneti, ndipo nilipokanyaga kwa nguvu zote. Hapakuwa na gari lingine, wala hakuna aliyeumia. Lakini nilikaa pale nikitetemeka, kwa sababu nilielewa papo hapo kilichokuwa kikitendeka: kwa wiki zote zile palikuwa na mguu wa pili uliokuwa ukikanyaga pamoja na wangu, kimya kimya, nami sikupata kuujua.

Simchukii mwalimu yule. Alikuwa analinda maisha yetu na ya watu waliokuwa barabarani. Hata hivyo natamani angekuwa anasema neno kila alipokanyaga, ili nijue kipi ni changu na kipi ni chake. Kaka yangu alinipeleka kwenye uwanja mpana, akaweka ndoo, akanitaka nianze kufunga breki pale pale kwenye ndoo, kwanza nikiwa na kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Kisha tukahesabu hatua kutoka kwenye ndoo hadi gari liliposimama. Nilitarajia mwendo ukiongezeka maradufu, umbali nao uongezeke maradufu. Kumbe umbali wa kusimama, tangu breki zinaposhika, huongezeka takriban mara nne. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo kwenye kitabu na kuijibu kwenye mtihani, lakini niliijua siku ile, kwa miguu yangu, nikihesabu hatua kwenye vumbi.

Gari lolote nisilolijua, leo hii, kabla sijaingia barabara kuu huwa nalijaribu breki mara mbili kwa mwendo mdogo.

Mchangiaji wa nne

Sijui kama trekta linakubalika hapa. Nilijifunzia Massey Ferguson 135, nikiwa bado sijawahi kushika usukani wa gari dogo. Mafuta yake huongezwa kwa mkono, kwa kishikio kilicho karibu na usukani, nacho hubaki pale ulipokiacha. Breki zake ni pedali mbili za mguu wa kulia, kila moja na gurudumu lake la nyuma, ili mkulima akifika mwisho wa shamba akanyage moja na kugeuka mahali padogo. Baba alinionya kwamba kabla ya kuingia barabarani pedali hizo lazima zifungwe pamoja kwa komeo lake, kwa maana ukikanyaga moja tu ukiwa na mwendo wa kasi, trekta hugeuka ghafla na linaweza kupinduka. Kila asubuhi alinisubirisha hadi niiname na kuligusa komeo lile kwa kidole. Nilipohamia gari dogo, kilichonitatiza zaidi ni kwamba nikiinua mguu, mwendo unapungua. Nilikuwa nimezoea chombo kinachoshika mwendo uliokipangia.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote, na trekta linakubalika sana, ndugu yangu.

Habari za ndoo nimemsomea binti yangu, naye ameomba tufanye hivyo mwishoni mwa juma. Kuhusu klachi, jana nilimpeleka mahali tambarare nikamwambia asiguse mafuta kabisa. Aweke gia ya kwanza, kisha ainue mguu wa kushoto polepole hadi atakapohisi gari linataka kwenda, hapo autulize mguu asiuondoe. Mara nne gari lilizima. Mara ya tano boneti iliinuka kidogo, sauti ya injini ikashuka, gari likaanza kusogea taratibu, naye akanigeukia akitaka kuniuliza jambo. Nikamwonyesha mbele kwa kidole.