Tupeane uzoefu: maisha yalipobana, imani na mazoezi vilikushikaje?

Mwanzilishi wa uzi, Umoja

Wadau, habari za jioni. Nairobi hii tunaijua: kodi haisubiri mshahara, shule zikifunguliwa karo inadaiwa siku hiyo hiyo, na mzee nyumbani anapiga simu ya dawa. Naomba tusimuliane kinachokushika usivunjike. Tusihubiriane. Sema ulichofanya wewe, wapi, saa ngapi, na kilikusaidia vipi.

Naanza. Kampuni niliyokuwa nafanyia kazi ilipunguza watu, nami nikiwemo, mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili. Kilichonitesa kuliko ukosefu wa pesa ni usiku. Naamka saa nane, napiga hesabu ile ile ya kodi mpaka kunakucha. Ndugu mmoja wa kanisani, jirani yangu, akaniambia tuwe tunatoka pamoja alfajiri. Tulisimama kwanza getini mwa ploti, kila mmoja akataja jambo moja tu la siku hiyo, si la mwezi wala la mwaka. "Leo naenda kutafuta kibarua Kariobangi." Tukaliombea hilo, kisha tukatoka mbio kupitia Mutindwa, tukashika njia ya waenda kwa miguu ya Outering na kurudi.

Kukimbia hakukuniletea kazi. Kulinirudishia usingizi. Kwa kuwa nililala vizuri usiku, niliweza kumwendea mwenye nyumba mchana kweupe nikaongea naye kwa utulivu kuhusu kulipa kwa awamu, akakubali. Na kutaja jambo moja kulinifunza kuibeba siku kwa ukubwa wake. Leo nina kazi, na bado tunakutana pale getini.

Nesi wa zamu ya usiku

Ubarikiwe, ndugu. Mimi kukimbia siwezi, nikitoka wodini miguu imekwisha. Nina rozari ya kutembea. Nashuka matatu vituo viwili kabla ya kwangu, shanga zikiwa ndani ya mfuko wa koti, naanza. Makumi matano ya Salamu Maria kwa mwendo wa kukaza ni kama dakika 20. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kukaza kumo ndani ya hesabu hiyo. Kipimo cha wastani ni rahisi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Kwa hiyo kama Salamu Maria inatoka vizuri ila wimbo wa kanisa unakukatia pumzi, mwendo ndio huo.

Kuna mgonjwa tuliyemuuguza kwa muda mrefu akatutoka usiku mmoja. Asubuhi ile nilitembea na Matendo ya Uchungu ya rozari, nikalia njia nzima. Nilipofika nyumbani niliweza kuwapikia watoto uji na kuwasikiliza habari zao za shule. Nisingetembea, ningewafikia na kifo kile mabegani.

Mtu wa maombi

Sala yatosha. Hayo mengine ni ya wenye pesa za jimu.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu yangu, nakuheshimu, ila soma tena habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Alipochoka mpaka akaomba afe, chini ya mti wa mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Ndipo akapata nguvu za kwenda Horebu. Mungu aliushughulikia mwili kwanza. Na barabara haina kiingilio.

Bin Pwani, Eastleigh

Assalaam aleikum. Nilipohamia huku kutoka Mombasa nilidhani nina ugonjwa, ngazi za ghorofa tatu zinanimaliza. Kumbe Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwili unahitaji muda kuzoea. Wageni wa jiji, anzeni taratibu.

Mimi natoka baada ya swala ya alfajiri na vijana wa msikitini. Kwa kuwa swala ni lazima, mazoezi nayo yamepata saa yake, sibishani na kitanda. Ramadhani natembea tu ile saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili nikirudi maji na tende viwe karibu. Alhamdulillah, hasira za biashara zimepungua, hata mke wangu anasema.

Mama Wawili, Kayole

Wanaume mnasema alfajiri, sisi giza linatutisha. Tangu nifiwe na mume wangu, kina mama wa jumuiya yetu wananichukua Jumamosi tunaenda msitu wa Karura mchana. Pale nafikiria Profesa Wangari Maathai na wenzake waliopigwa na wahuni mwaka 1999 walipokwenda kupanda miti msitu usinyakuliwe. Tunapanda vilima tukiimba tenzi. Asiyeweza anapumzika, tunamsubiri. Swali: raba nzuri ya mtumba nitaijuaje?

Bin Pwani, Eastleigh

Mama, nenda Gikomba asubuhi. Shika kiatu, kisukume kikunjike. Kikikunjika penye vidole, sawa. Kikikunjika katikati ya unyayo, kiache, hata king'ae namna gani.

Mgeni

Nimesoma yote. Mimi nasali na natembea, lakini ni wiki nyingi sasa sili, silali, na nafikiri watu wangu wangekuwa afadhali bila mimi.

Nesi wa zamu ya usiku

Mpenzi wangu, asante kwa kusema. Imani yako haina upungufu. Hayo uliyoyaeleza ni ugonjwa, na unatibika. Je, una wazo la kujidhuru usiku huu? Mwambie mtu mmoja unayemwamini akae nawe sasa hivi, na upige 1199 ya Msalaba Mwekundu, haitozwi pesa. Kesho twende hospitali ya Mathari, iko barabara ya Thika, au kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe. Nimekutumia ujumbe wa faragha. Nijibu upo mtaa gani. Natoka zamu saa moja na nusu asubuhi, nakupitia.