Mwanangu ana usonji, kila saa anataka chapati, naombeni ushauri

Habarini wapendwa, nina mtoto wa kiume miaka 5 ana usonji, haongei zaidi ya maneno machache. Shida yangu ni kula jamani. Anakula chapati, wali mweupe na chipsi kavu basi, mboga akiiona tu kwenye sahani anasukuma yote, na chapati ikichanika kidogo haitaki tena, anataka nzima, ya duara.

Halafu hashibi. Anamaliza tatu, dakika kumi hazijapita kashanishika mkono ananivuta jikoni, anauweka juu ya hotipoti, "pati pati". Nikikataa anajipiga kichwa ukutani mpaka majirani wanakuja kugonga. Juzi natandika kitanda nakuta chapati 2 chini ya mto zimeshakauka.

Dawa ya minyoo kapewa, hakuna mabadiliko. Ila mwezi wa 3 alianzishiwa risperidoni, dawa ya kumtuliza, na ndo njaa ikazidi, nikaja kusikia huku mtaani kwamba inaongeza hamu ya kula, daktari hakuniambia kitu. Sijaiacha maana usingizi angalau anapata, na naogopa kuikatisha ghafla. Kliniki narudi wiki ijayo, niulize nini hasa? Vipimo vipi?

Na hapa nyumbani mnafanyaje, mnafungia chakula kabatini au mnampangia muda kwa picha? Mama mkwe anasema namdekeza, nimshindishe njaa siku 1 atakula mchicha, hiyo sitaki kabisa.