Kutafuta faili ya mirathi Kilifi: Kenya Law, Gazeti la Serikali, mtandao wa korti au kwenda masijala mwenyewe?

Mpwa_wa_Takaungu ameanzisha mada

Hamjambo wanajamvi. Nimeonyeshwa ekari mbili upande wa Takaungu. Bei nimeipenda, majirani nimewapenda, shida ni hati. Hati bado ina jina la baba, na baba ni marehemu. Kijana anayeuza anasema "korti ilishamaliza kila kitu". Akanionyesha picha ya karatasi kwenye simu, imepigwa na mkono unaotetemeka, nambari ya kesi haisomeki hata ukivuta. Nikimwomba karatasi yenyewe, wakili amesafiri. Huyu wakili anasafiri kuliko nahodha.

Juzi nikapanda matatu hadi ofisi za kaunti nikidhani kumbukumbu za korti za Kilifi ziko huko. Nikachekwa, kwa adabu lakini nikachekwa.

Njia ninazozisikia ni nne: tovuti ya Kenya Law inayoweka hukumu, Gazeti Rasmi la Serikali, mtandao wa kufungulia kesi, na kwenda mwenyewe masijala ya korti, yaani ofisi ya mafaili. Ya tano ni kumlipa mtu "anayejua watu ndani". Aliyewahi kuzipita anisaidie, nauli si yangu ya kuchezea.

Karani_Mstaafu

Mpwa, pole kwa kuchekwa. Wengi hupotelea hapo hapo. Katiba ya 2010 iligatua zahanati, masoko na barabara ndogo kwenda kwa kaunti, lakini mahakama haikuigatua. Korti iliyo Kilifi ni ya Idara ya Mahakama ya taifa, iko Kilifi tu kama mtu aliyepanga nyumba. Gavana hana faili hata moja.

La pili, "korti" gani? Katika kaunti hiyo kuna vituo Kilifi mjini, Malindi, Mariakani na Kaloleni, na kila kimoja kina masijala yake. Mahakama Kuu na ile ya Mazingira na Ardhi ziko Malindi. Usidhani mirathi ni ya Mahakama Kuu peke yake. Hakimu naye anaisikiliza ikiwa thamani ya mali haivuki kiwango chake, na kwa sheria ya 2015 kiwango cha hakimu mkuu ni shilingi milioni 20. Ekari mbili za Takaungu zinaingia humo bila jasho. Na kama mzee alifariki zamani, usishangae kesi ikawa ilifunguliwa Mombasa.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia, jua unatafuta nini kwanza. Unatafuta nambari ya kesi na jina la kituo. Ukiwa nazo, karani anakutolea faili. Ukienda na jina la marehemu tu utaambiwa "rudi Alhamisi", na Alhamisi ni nyingi.

Nambari hiyo ipo kwenye Gazeti Rasmi. Mtu akiomba kusimamia mali ya marehemu, korti hutangaza ombi humo kabla ya kutoa granti, yaani hati ya kumruhusu kusimamia mali hiyo, na yeyote mwenye pingamizi hupewa siku 30. Tangazo lina kituo, nambari na mwaka wa kesi, jina la mwombaji na uhusiano wake na marehemu, jina la marehemu, alikokuwa akikaa, na tarehe na mahali alipofia. Yaani karibu kila unachokihitaji, bure, na kimeandikwa na korti yenyewe. Gazeti hutoka Ijumaa kwa kawaida, na matoleo yake yamewekwa kwenye tovuti ya Kenya Law. Anza mwezi aliofariki mzee, shuka mbele.

BintiKaloleni

Naunga mkono, ila niwaonye kuhusu majina. Sisi Wamijikenda jina la babu humrudia mjukuu. Kahindi anamzaa Kazungu, Kazungu anamzaa Kahindi. Ukitafuta "Kahindi Kazungu" utaletewa watu kumi, wanane hawahusiani na wewe, na wa tisa yuko hai. Tena mwandishi mmoja anaandika Kahindi, mwingine Kaindi. Mimi nilimpata babu yangu kwa tarehe ya kifo na jina la kijiji, jina lake lilikuwa limekosewa herufi mbili.

Kenya Law kwa upande wa hukumu ni nzuri mno na haina malipo. Andika jina ndani ya alama za kunukuu. Mirathi nyingi utaziona zimeandikwa "In re Estate of" halafu jina la marehemu. Ukiona KEHC kwenye kumbukumbu ya hukumu, hiyo ni Mahakama Kuu. KEELC ni Mazingira na Ardhi. Mimi huangalia zote mbili, maana ndugu wanaweza kukosa kuelewana kwenye mirathi wakaenda korti nyingine kugombania mpaka wa shamba.

Lakini jueni inachoweka. Inaweka maamuzi, haiweki mafaili. Familia iliyokubaliana bila kelele huenda isiache uamuzi wowote wa kusomeka mtandaoni, na maamuzi ya mahakimu humo ni machache ukilinganisha na ya Mahakama Kuu. Ukikosa kitu Kenya Law usiseme "hakuna kesi". Sema "hakuna ugomvi niliouona".

Fundi_Saiba

Nina duka la saiba jirani na korti, kwa hiyo hili la mtandao wa kufungulia kesi naliona kila siku. Ulianza Nairobi Julai 2020, na Machi 2024 Jaji Mkuu Koome akauzindua kwa nchi nzima. Mtu yeyote anaweza kujisajili kwa kitambulisho. Watu wanatoka hapo wakifikiri sasa wataona kesi za kila mtu. Hapana. Akaunti yako ni ya kesi zako. Mnunuzi wa shamba kama wewe si mhusika, mlango unaishia ukumbini.

Na kesi ya zamani, tuseme ya 2011, haikuzaliwa mtandaoni. Ni karatasi, imefungwa kamba, iko rafuni.

Unachoweza kutumia bure ni orodha za kesi za siku. Ukijua kituo na ukaona jina la marehemu kwenye orodha ya wiki ijayo, basi hiyo "korti ilishamaliza" ina mguu mmoja.

Dada_Baltimore

Nawasoma nikiwa huku Maryland, Marekani, nacheka na kusikitika. Huku "kaunti" ni kaunti kweli. Kila kaunti, na jiji la Baltimore, ina afisa anayeitwa Register of Wills, anapigiwa kura kama mbunge, na kazi yake ni mirathi. Unaingia mtandaoni, unaandika jina la marehemu, unaona kama mirathi ilifunguliwa, nani msimamizi, na tarehe. Kuna pia tovuti ya mahakama ya jimbo, unatafuta jina la mtu yeyote, kesi za madai, faini za barabarani, hata jirani aliyeshtakiwa kwa kodi ya nyumba. Bure. Mwenye nyumba wangu alinitafuta humo kabla hajanipa ufunguo.

Kwa hiyo Mpwa, ulipoenda ofisi za kaunti hukuwa mjinga. Ulikuwa kwenye nchi nyingine.

Mla_Mbaazi

Dada, mimi hiyo ya mwenye nyumba kunichungulia sitaki hata kidogo. Afadhali yetu ya kuhangaika.

Dada_Baltimore

Kaka Mbaazi, mpaka siku utakayouziwa shamba la marehemu.

Ustadh_Mtwapa

Assalaam aleikum. Nimengoja mtu aulize, hajauliza: marehemu alikuwa Muislamu? Takaungu hiyo ina Waislamu wengi. Kama ndiyo, mirathi yake huenda imepita kwa Kadhi, na Kadhi ana masijala yake na nambari zake. Mtu anaweza kulikodolea macho Gazeti mwaka mzima, na mambo yaliamuliwa kwa Kadhi nusu kilomita kutoka nyumbani. Muulize huyo kijana swali moja tu, "mlirithiana kwa nani?" Kama ni kweli atajibu kabla hujamaliza.

Mla_Mbaazi

Sasa niseme la maana. Mimi nilipita njia ya tano. Kituo sikitaji. Nje ya geti kulikuwa na bwana ana bahasha kwapani na viatu vya kung'aa, akasema shilingi 3,000 na kesho kutwa nina nakala. Nikampa. Kesho kutwa ikawa wiki, wiki ikawa "faili haionekani". Nilipoingia ndani mwenyewe nikaomba kwa barua, ilionekana siku ileile. Ilikuwa mezani pa hakimu, kesi ilikuwa inaendelea! Yule bwana hata geti hakuwa amelivuka.

Ndani nililipa ada ndogo ya kusoma faili, nikapewa risiti. Nikakaa kwenye benchi, karani akinitazama, nikasoma kurasa zote. Nakala zenye muhuri nililipia kando kwa kila ukurasa. Msitoe simu mkaanza kupiga picha, nilimwona mama mmoja akifokewa hadi nikamhurumia.

Karani_Mstaafu

Mbaazi amesema kweli. Niongeze la barua, maana ndiyo inayofungua mlango. Iandike kwa Naibu Msajili kama ni Mahakama Kuu, au kwa hakimu msimamizi wa kituo. Taja nambari ya kesi, jina la marehemu, wewe ni nani na kwa nini unataka kuiona. "Nakusudia kununua shamba lililotajwa katika mirathi hii" ni sababu ya kutosha kueleweka. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ya matokeo ya utafutaji (search) wa hati ya shamba. Mtu asiye mhusika anaweza kukataliwa, hasa kukiwa na watoto wadogo au mambo ya ndoa ndani yake, lakini aliyekuja na barua safi husikilizwa kuliko aliyekuja na sauti kubwa.

Faili ikiwa "haionekani" kweli, usikate tamaa na usinunue. Omba jibu kwa maandishi. Hapo ndipo Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaposaidia, inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la raia, na Idara ya Mahakama ina dawati lake la malalamiko. Ni njia ya polepole. Sikushauri uanze nayo, lakini karani anayejua kuna barua yenye tarehe hutafuta faili kwa bidii nyingine.

Ukiipata, soma vitu vitatu. Kiapo cha mwombaji, fomu P&A 5, ndipo watoto wote wa marehemu na mali zake zinapoorodheshwa. Hesabu watoto, kisha nenda kijijini ukawahesabu tena. Halafu granti yenyewe, ina majina ya wasimamizi. Halafu cheti cha kuthibitishwa kwa granti, hicho ndicho kinachosema nani anapata kipande gani. Cheti hicho kwa kawaida huja baada ya miezi sita tangu granti.

Mpwa_wa_Takaungu

Nimerudi, wiki tatu sasa. Ustadh, nilimuuliza kijana swali lako, akasema baba yake alikuwa Mkristo, na majirani wakasema hivyohivyo. Basi nikaenda kwenye Gazeti. Usiku wa kwanza sikupata kitu kwa sababu nilianza na mwaka aliozikwa nikashuka miezi sita tu. BintiKaloleni, asante kwa lile la herufi, jina lilikuwa limeandikwa bila H. Kesi ilikuja kufunguliwa miaka minne baada ya mazishi, kwa hakimu. Nikawa na nambari.

Barua niliandika kama Mzee Karani alivyosema. Siku ya kwanza niliambiwa nirudi, ya pili nikasoma.

Mwombaji si huyu kijana. Ni dada yake mkubwa. Watoto walioorodheshwa ni saba, yeye ni wa sita. Granti ipo, muhuri upo, na nadhani ndiyo ile picha ya simuni. Baada ya hapo hakuna kitu. Ukurasa wa mwisho ni risiti.

Karani_Mstaafu

Basi haijathibitishwa. Sheria ya Urithi, kifungu cha 82, inasema msimamizi haruhusiwi kuuza mali isiyohamishika kabla granti haijathibitishwa. Na huyo anayekatazwa ni msimamizi mwenyewe! Kijana wako hata msimamizi si yeye. Kifungu cha 45 kinamhusu yeye, na wewe pia ukimlipa, kuingilia mali ya marehemu ni kosa lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja.

Fundi_Saiba

Ulishampa amana?

Mpwa_wa_Takaungu

Elfu ishirini. Nimempigia, sasa yeye ndiye aliyesafiri. Lakini jina la dada yake lilikuwa kwenye faili, na jirani mmoja akanielekeza kwake Mtondia. Tumeongea leo asubuhi. Hakujua kuwa shamba linauzwa. Ameniuliza kama ninaweza kumpa ile nambari ya kesi, maana karatasi zake ziliungua na nyumba na ameshindwa kuendelea tangu hapo.

Nimempa.