Mamangu amepona korona lakini PCR bado yaonyesha anayo. Safari ya Marekani ni tarehe 19

KijanaWaMwembeKuku (12 Januari 2022, usiku)

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Nina jambo limenikaa kooni, anayejua anieleze. Dadangu yuko Maryland na amejifungua mtoto wa kike tarehe 5 mwezi huu. Mamangu alikuwa aende kabla ya uzazi, tiketi ya tarehe 30 Desemba, Mombasa hadi Addis Ababa kisha Washington. Visa anayo, chanjo mbili za AstraZeneca alimaliza tangu Septemba. Tarehe 27 akaanza mafua na koo kuwasha, sisi tukasema ni kaskazi tu. Tarehe 29 akapimwa PCR ya safari, majibu yakaingia usiku: anayo. Safari ikafa papo hapo.

Aliugua kama siku nne, hakulazwa, alhamdulillahi. Mwaka mpya ulipoingia alikuwa ashaanza kugombana na muuza makaa kwamba debe halijajaa, nikajua kapona. Tiketi tukaisogeza hadi tarehe 19. Juzi tarehe 10 nikampeleka maabara ileile nikiwa sina wasiwasi wowote. Majibu: bado anayo! Yule wa kaunta anambia "mrudishe baada ya siku tatu". Kila kurudi ni elfu tano na zaidi, na ukimuuliza sababu, jibu ni moja, mashine ndiyo yasema.

Mama mwenyewe hataki kusikia. Asema yeye hana ugonjwa, mashine ndiyo yenye ugonjwa. Sanduku liko ukumbini tangu Desemba: leso za mtoto, achari ya embe, ubuyu, tangawizi kavu na mdalasini za chai ya mzazi. Kila jioni alifungua, ahesabu, alifunga. Anachotaka ni kufika kabla arubaini haijaisha.

Sasa nimngojee mpaka PCR isafike? Na Wamarekani wenyewe siku hizi wataka kipimo cha siku moja kabla ya safari, je, tarehe 18 kikikataa tena? Kuna mtu kanambia ipo barua ya waliopona. Ni kweli, au ni maneno ya barazani?

Bahari_Tulivu

Pole kaka. Na hongera ya mtoto.

MzeeKilindini

Mwanangu, ahirisha. Mtoto hatoroki.

Ngamia77

Mwajitesa bure. Kuna jamaa mjini atoa cheti safi, mama hata haendi kupimwa. Nitumie ujumbe nikuunganishe naye.

NesiWaTudor

@Ngamia77 hilo lako lirudishe mfukoni. Vyeti vya safari hapa kwetu vinapitia Trusted Travel, mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki vyeti, vina msimbo unaosomwa uwanjani. Dubai walisimamisha abiria kutoka Kenya Desemba, na vyeti vya uongo ndivyo vilivyotajwa. Wataka mama wa watu azuiliwe kaunta na sanduku lake la leso?

Sasa @KijanaWaMwembeKuku, nisikilize vizuri, maana hili nalijibu kila wiki kazini.

Kwanza, mashine haina ugonjwa na mamako naye hana. PCR hutafuta vipande vya chembe za urithi za kirusi na kuvizidisha mara nyingi mpaka vionekane. Haiwezi kukwambia kama kirusi ki hai au kimekufa. Mtu akishapona, mabaki hayo yaweza kuendelea kuonekana wiki nyingi, wengine hadi miezi mitatu. Ni kama jikoni ulikokaangwa papa: samaki ameshaliwa, sufuria imeoshwa, lakini shombo bado iko kwenye pazia. PCR yanusa pazia. Huyo aliyekwambia urudi baada ya siku tatu atakurudisha mpaka Machi, na pesa zako zitaisha.

Pili, barua iko na si porojo. Agizo la CDC, idara ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, lakubali mojawapo ya mambo mawili: ama cheti cha kipimo kisichoonyesha korona, kilichochukuliwa si zaidi ya siku moja kabla ya kuondoka (ilikuwa siku tatu, wakabana tarehe 6 Desemba), ama ushahidi kwamba mtu aliugua karibuni na amepona. Ushahidi huo ni karatasi mbili zinazokwenda pamoja. Moja ni majibu yanayoonyesha alikuwa nayo, ya sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku 90 kabla ya safari. Ya pili ni barua ya daktari mwenye leseni, au afisa wa afya ya umma, isemayo kwamba amepona na ameruhusiwa kusafiri. Ukiwa na hizo mbili, hapimwi tena.

Yaani yale majibu ya tarehe 29 yaliyowaliza ndiyo tiketi yenu sasa. Usiyatupe!

Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya hospitali au kliniki, iwe na jina la daktari, anwani na nambari ya simu, sahihi na tarehe. Mwambie aandike siku dalili zilipoanza. Dalili zilianza 27, siku kumi za kujitenga zimepita zamani, kwa hiyo daktari hana sababu ya kusitasita. Iandikwe Kiingereza, ili mtu wa kaunta aielewe.

Shangazi_Bamburi

Nesi, na akipima ile ya haraka ya puani? Bintiyangu alipimwa hiyo akaenda zake.

NesiWaTudor

Hiyo ya haraka, yaani antijeni, yakubaliwa na Marekani, shangazi. Nayo kwa kawaida husafika mapema kuliko PCR kwa sababu haizidishi kitu. Iwe njia ya pili tu, ikiwa daktari atazungusha mambo. Lakini ipimwe mahali panapotoa cheti, hiki cha kujipima nyumbani peke yako hawakitaki.

AbiriaWaChangamwe

Nyongeza ndogo kuhusu hiyo "siku moja". Si saa 24. Ni siku ya kalenda. Ndege ikiwa ya tarehe 19, waweza kupima saa yoyote tarehe 18, hata asubuhi na mapema. Na kama tiketi ni moja mpaka Washington, na kungojea Addis hakuzidi saa 24, siku yahesabiwa kutoka Mombasa. Tiketi zikiwa mbili tofauti, hapo ndipo watu huumia.

Mimi nilikwenda kwa barua ya kupona mwezi wa kumi na moja. Marekani hakuna aliyeniuliza kitu. Shughuli yote ilikuwa kaunta ya Mombasa, yule kijana hakuwahi kuiona barua kama hiyo, akaenda kuita mkubwa wake. Fika mapema. Kabla ya hapo piga simu shirika la ndege uwaulize kama wao na Addis wanaipokea, kwa sababu CDC kukubali ni jambo moja na nchi ya kupitia ni jambo lingine.

KijanaWaMwembeKuku (13 Januari)

Wallahi mmenitoa mbali. Mama nimemsomea mfano wa papa, kacheka mpaka kakaa chini, kisha kasema "si niliwaambia?"

Ila nimeangalia yale majibu ya tarehe 29 nikaona balaa jingine. Kwanza niliyonayo ni ujumbe wa simu tu. Pili, wameandika majina mawili, la mama na la babake. Pasipoti ina matatu, na la babu. Tarehe ya kuzaliwa hawakuweka.

NesiWaTudor

Ujumbe wa simu hautoshi. Rudi maabara wakuchapishie cheti kamili: aina ya kipimo, jina la maabara, tarehe sampuli ilipochukuliwa, majina yote kama pasipoti, na juu ya jina kuwe na kitambulisho kingine, yaani tarehe ya kuzaliwa au nambari ya pasipoti. Ni haki yako na ni kazi ya dakika kumi. Nenda na pasipoti yenyewe, usiende na picha ya simu. Ukimaliza hapo ndipo uende kwa daktari, barua ifuate majina hayohayo herufi kwa herufi. Mwanaisha na Mwana Isha kwa mtu wa kaunta ni watu wawili.

Na lile fomu la kiapo la abiria la CDC ajaze pia. Cheti cha chanjo kiwe juu kabisa, maana kwa asiye raia chanjo nayo ni sharti tangu Novemba, na barua ya kupona haiondoi sharti hilo.

MzeeKilindini

Basi nimefuta neno langu. Aende.

KijanaWaMwembeKuku (17 Januari)

Maabara walinizungusha asubuhi nzima, mara mtu wa kompyuta hayuko, mara muhuri umefungiwa. Nikakaa kwenye benchi lao na mama kando yangu akivuta tasbihi kwa sauti. Saa saba cheti kikatoka. Daktari aliandika barua siku ya pili yake, akasahau nambari ya simu, nikamrudishia akaongeza kwa kalamu nikakataa, akachapisha upya. Shirika la ndege wamesema karatasi hizo wanazipokea.

AbiriaWaChangamwe

Ulifanya vyema kukataa ya kalamu.

KijanaWaMwembeKuku (21 Januari)

Kafika. Uwanjani tulikuwa saa tatu kabla. Dada wa kaunta kaisoma barua mara mbili, kalinganisha majina na pasipoti kwa kidole, kapiga simu mahali, kisha kamuuliza mama "wajisikiaje?" Mama kamjibu "kama ulivyoniona, mwanangu", na mizigo ikapita.

Leo katuma sauti. Mtoto kafanana na marehemu babangu. Theluji haijaisha nje na yeye hatoki. Achari imevuja kwenye leso mbili, dada azilowesha zitoke rangi.