Hadithi za mtoto wa darasa la pili: vitabu vya ngazi, vya mtumba au vya simu?

MamaChumbageni
Habari za jioni jamani. Binti yangu yuko darasa la pili, silabi anazimudu, sasa nataka apate hadithi za kusoma mwenyewe nyumbani. Nimeshatupa pesa mara mbili. Kitabu cha kwanza alikwama ukurasa wa kwanza akakiacha, cha pili kakimaliza kabla chai haijapoa na hakukigusa tena. Niko kwenye njia tatu: vitabu vipya vya Kiswahili vyenye ngazi, yaani vilivyopangwa kwa ugumu, ambavyo viwili tu vinamaliza elfu kumi yangu, vya mtumba vya Kiingereza, maana shangazi yake wa Dar kaleta mfuko mzima, vina namba nyuma, au hadithi za bure za kwenye simu. Ingekuwa nyie mngechukua kipi?

BabaWawili
Hivyo vya mtumba, dada, namba zake zisikutie moyo. Kila mchapishaji ana ngazi zake, kwa hiyo 4 ya huyu inaweza kuwa 7 ya yule. Halafu zimepimwa kwa mtoto anayeongea Kiingereza tangu yuko mgongoni. Wangu nilimpa chenye picha ya nyumba imefunikwa theluji, akaniuliza nani kamwaga unga wote ule. Tulicheka, ila kitabu kikaishia hapo hapo.

Mwl_Makorora
Mama, kabla hujatoa hela tumia vidole vitano. Fungua ukurasa wa katikati, siyo wa kwanza, mwache asome kwa sauti. Kila neno linalomshinda, kunja kidole. Kimoja au hakuna, kitabu ni chepesi, atasoma kwa kujifurahisha. Viwili au vitatu, hicho ndicho chake. Vinne, kaa naye. Vitano, rudisha kwenye rafu. Unaweza kufanya hivyo hata dukani umesimama, mwenye duka akinuna mwache anune.

Ngamiani14
Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, hicho kipimo kwa Kiswahili kinadanganya. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, mtoto akishaziweza silabi anakusomea hata gazeti zima na vidole vyako vyote vimesimama. Sisi huku tunajua: mtoto wa chuo cha Kurani anashuka na Juzuu Amma bila kugugumia, muulize maana, anakutazama. Mpwa wangu alinisomea ukurasa mzima, safi kabisa, nikamuuliza nani kaiba maembe. Akasema, "Maembe gani?"

Mwl_Makorora
Marahaba. Hapo umenishika, na darasani nawaona wa namna hiyo kila mwaka. Basi tuseme hivi: vidole kwanza, kisha funga kitabu umwambie akusimulie. Akikwambia nani kafanya nini na kwa nini, amesoma. Akirudia sentensi ya mwisho tu, hicho kitabu bado, hata kama hakukosea neno.

Na kuna jambo la kuangalia ambalo vipimo vya Kiingereza haviligusi. Kwetu ugumu uko ndani ya kitenzi. Chukua "hawakumtafutia". Kwa kuhesabu ni neno moja, lakini lina silabi nane, na mtoto anatakiwa ajue kuna watu ambao hawakutafuta, kuna aliyepaswa kutafutiwa, na jambo lenyewe limepita. Kitabu chenye maneno manne kwa ukurasa, mawili yakiwa ya namna hiyo, ni kigumu kuliko chenye maneno kumi ya "paka amelala, kuku anakula". Msihesabu maneno, angalieni urefu wake. Angalieni na ng', mbw, nywa, gh. Hizo ndizo zinazomkwaza anayeanza.

Wa_Tongoni
Naongezea. Ugumu unategemea na mtoto kalelewa wapi. Wangu alikuta neno "dema", ule mtego wa samaki, kitabuni akaruka kwa furaha, maana babu yake anasuka madema kila msimu. Mpeleke mtoto wa Lushoto neno hilo hilo, unamwacha njiani. Yeye mpe mipea na mabonde.

Kwenye simu mimi natumia African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto mtandaoni. Ni bure, Kiswahili kipo, ngazi ni 5. Ya kwanza ni maneno ya mwanzo, ya pili sentensi fupi, ya tatu ndipo aya zinaanza, ya tano ni ya mkubwa kumsomea mtoto. Wengi wanakosea hapo, wanaona 5 wanadhani ndiyo ya kumpa mtoto hodari asome peke yake. Kasoro ni kwamba nyingine zimetafsiriwa na Kiswahili chake kimekakamaa kama fimbo, soma wewe kwanza. Na simu ni simu: hadithi ikifika katikati, kidole kishahamia kwenye gemu. Mimi nazichapisha steshenari, mia kwa ukurasa, nabana na pini.

BabaWawili
Maktaba ya mkoa hapa Tanga nayo msiisahau, lile jengo la kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita. Mpeleke Jumamosi asubuhi, ajaribu vitabu hata kumi bila kununua kimoja. Utajua ngazi yake kabla ya kwenda dukani.

MamaChumbageni
Nimerudi, wiki imepita. Nilimjaribu na hadithi tatu. Ya ngazi ya pili alisoma huku anatazama nje. Ya nne hakukosea neno, ila kuniambia habari yake akashindwa, kama alivyosema Ngamiani14. Ya tatu, ya pweza aliyejificha chunguni, alikwama maneno mawili, kisha akaenda jikoni kumsimulia bibi yake yote na kuongeza chumvi ambayo kitabuni haimo. Kwa hiyo elfu kumi naichapishia za ngazi ya tatu, nikinunua cha duka kitakuwa kimoja tu kwa sikukuu. Mfuko wa shangazi nimeupandisha juu ya kabati, tusije tukamuudhi.

Wa_Tongoni, hiyo steshenari ya mia iko wapi? Mimi hapa wamenitoza mia mbili.

Wa_Tongoni
Umetoa za rangi. Toa nyeusi, halafu mwachie penseli za rangi apake mwenyewe.